Benki Isiyoitika Hodi

Katika nchi moja, ambayo jina lake nimelisahau kwa hiari yangu mwenyewe na bila kushawishiwa na mtu yeyote, palikuwa na vyuo vikuu viwili. Kimoja kilijengwa juu ya kilima, kikaitwa Chuo Kikuu cha Kileleni. Kingine kilikuwa chini, kule maji ya mvua yanakokwenda yakimaliza shughuli zake mjini, nacho kiliitwa Chuo Kikuu cha Mifugo, Hesabu na Mengineyo. Watu walikiita Bondeni tu, wakauachia urefu wa jina lake ubaki kwenye kibao.

Serikali ya nchi hiyo ilipenda usawa mno. Ilitunga sheria kwamba vyuo hivyo viwili ni sawa, na ili raia wasichanganyikiwe na usawa huo, shahada za Kileleni zikachapwa kwa wino wa dhahabu, na za Bondeni zikawekewa tarehe ya kuisha muda, kama maziwa. Waziri wa Fursa alieleza bungeni kwamba tarehe ile ilikuwa ni heshima. "Kitu kisichoharibika," alisema, "hakina uhai." Wabunge walipiga meza kwa furaha, na mmoja aliyekuwa amelala akaamka akaunga mkono hoja.

Sikuzani Mbwilo alisoma Bondeni, katika kitivo cha Mengineyo. Huko ndiko somo la fedha na uwekezaji lilikowekwa, katikati ya ufugaji wa nyuki na useremala. Alikuwa msichana mwembamba mwenye macho ya kudadisi, na kichwa chake kilikuwa chepesi ajabu: ukimpa hesabu za kampuni, anakwambia inaumwa wapi na itakufa lini. Mama yake, fundi cherehani aliyeshona sare za nusu ya shule za mji ule, alimsomesha kwa kushona na kushona tena. Sikuzani alitaka jambo moja tu duniani, nalo ni kufanya kazi katika Benki ya Uwekezaji na Matumaini kabla shahada yake haijachacha.

Usidhani hii ilikuwa benki ya kupanga foleni na kutoa mshahara. Lilikuwa jengo la vioo refu la kuumiza shingo, na ghorofa zake zote isipokuwa ya chini zilikuwa tupu, zimetengwa kwa ajili ya ukuaji wa uchumi. Kazi ya benki ilikuwa kununua vitu ambavyo havijatengenezwa na kuwauzia watu ambao hawajavihitaji, kisha kuzitoza pande zote mbili ada ya ushauri. Mwaka uliotangulia ilikuwa imeuza bandari kuu ya nchi hiyo, nchi ambayo kwa bahati mbaya haina bahari. Wanunuzi waliridhika sana, na wakaomba waletewe nyingine.

Na mlango wa benki ulikuwa wazi kwa wote. Waziri alilisema hilo kila alipopewa kipaza sauti, na nakuhakikishia hakusema uongo. Ulikuwa mlango wa mninga, mpana, usio na kufuli, komeo wala mlinzi. Daima ulikuwa umerudishiwa tu. Takwimu za Wizara zilionyesha kwamba tangu benki ianzishwe, hakuna mhitimu hata mmoja wa Bondeni aliyewahi kukataliwa. Kama kuna aliyewahi kuingia, hilo takwimu hazikulisema, kwa kuwa hakuna aliyeziuliza.

*

Tatizo lilikuwa malezi. Watu wa Bondeni hufundishwa kupiga hodi kabla hawajajua kufunga vifungo vya shati. Nyumba ya watu haiingiwi mpaka mwenyewe aitike "karibu." Unapiga hodi mara tatu, na usipoitikiwa unageuka ukaenda zako, maana kusukuma mlango usiokaribishwa ni tabia ya mbuzi. Hata wezi wa Bondeni, inasemekana, hupiga hodi kwanza, ndiyo maana wengi wao ni maskini.

Basi mhitimu wa Bondeni alipanda mjini na tai yake ya kuazima, akasimama mbele ya mlango ulio wazi, akapiga hodi mara tatu. Ndani kimya. Akarudi nyuma kwa adabu, akaketi kwenye benchi lililokuwa mkabala na mlango, akingoja kesho ajaribu tena. Hivyo ndivyo alivyofanya Sikuzani siku yake ya kwanza, akiwa amevaa sketi aliyoshonewa na mama yake kwa kitambaa kilichobaki kwenye sare za shule ya Mtakatifu Fulani.

"Karibu, dada," wakasema watu wa benchini wote kwa pamoja, wakasogeana kumpa nafasi. Hiyo ndiyo karibu pekee iliyokuwa ikipatikana katika mtaa ule.

Benchi lilikuwa na mwenyekiti, Kaka Ndimbo, ambaye shahada yake ilikuwa imekwisha muda tangu zamani lakini hakuwa na moyo wa kuondoka. Lilikuwa pia na katibu, mlezi, na chama cha kuzikana.

"Umekuja na hodi ya namna gani?" Kaka Ndimbo akamuuliza.

"Ya kawaida tu, kaka."

"Ya kawaida tumeijaribu sana. Tumejaribu ya upole, tumejaribu ya kukohoa kwanza. Mwaka juzi tulipiga ya kwaya, kwa sauti nne. Sauti ya tatu ilitoka vizuri mno, watu walilia."

"Wakaitika?"

"Nani aitike? Sidhani wanasikia, dada. Ukumbi ule ni mkubwa, na watu wa Kileleni wana mambo mengi." Kisha akamwapisha, kama alivyomwapisha kila mgeni: yeyote atakayejaliwa kuingia asiombwe msaada wala kusumbuliwa kwa vyeo, ila akisikia hodi, aitike "karibu." Neno moja tu. Sikuzani akaapa, na akaapa kwa moyo wote.

Siku zikaenda. Shahada yake ilipobakiza wiki moja, Waziri wa Fursa alikuja na msafara wa magari kuwatembelea. Watu wa benchini wakasimama kwa matumaini. Waziri akapanda jukwaani, akafuta jasho ambalo halikuwepo.

"Vijana wangu," alisema, "serikali yenu ni sikivu. Tumekaa, tumetafakari, tumekwenda ng'ambo kujifunza kwa wenzetu. Wapo wanaosema serikali haijali watu wanaosubiri. Leo tunawajibu kwa vitendo!" Akavuta kitambaa, na chini yake pakatokea benchi jipya, refu kuliko la kwanza, lenye mto. Bendi ikapiga. Kaka Ndimbo alitoa neno la shukrani huku akiubonyeza ule mto kwa kidole, na ukweli lazima usemwe, ulikuwa mto mzuri.

*

Kesho yake alikuja kijana mmoja aliyeitwa Rodriki, mhitimu wa Kileleni, akitembea huku akiongea na simu. Aliwapita watu wa benchini kama mtu anayepita ua wa miti, akausukuma mlango kwa bega bila hodi, akaingia.

Baada ya muda alitoka amevaa kitambulisho shingoni.

"Samahani, kaka," Sikuzani akamwuliza, "umepataje?"

"Hata sijui, dada. Niliingia kutafuta choo. Wakanitazama, wakasema, huyu ni wa kwetu, wakanipa mkataba. Choo chenyewe bado sijakiona."

Sikuzani akautazama mlango, na yote yakamfunguka. Hakukuwa na mtihani wala siri. Aliyengoja kukaribishwa hakuwa wa kwao, na wa kwao hangoji. Alichotakiwa kufanya ni kuingia tu. Alisimama, akaufuata mlango, akanyanyua mguu, na mdomo wake wenyewe ukasema, "Hodi!" Akarudi kukaa kwa hasira.

Akaanza mazoezi. Aliingia kwa jirani yao, Bi Mwanahija, bila hodi, akapigwa mwiko wa mgongo na kuulizwa kama kichaa kimempanda. Akaingia kwenye duka la Bondeni kimya kimya, mwenye duka akaficha sanduku la mauzo. Kila alipojaribu, ama neno lilimtoka au kipigo kilimfuata. Siku ya mwisho ya shahada yake ilipofika, akaona hakuna dawa ila moja. Alichukua kipande kikubwa cha muhogo wa kuchemsha, akakisukumia mdomoni mpaka mashavu yakavimba, akauelekea mlango.

"Dada!" Kaka Ndimbo akapiga ukelele. "Dada Siku, hujapiga hodi!"

Sikuzani aliona haya, na machozi yakamlengalenga. Lakini neno lilikuwa limezibwa, halikuwa na pa kupitia. Akausukuma mlango akaingia.

Ndani, Mkurugenzi Mkuu, Dakta Balozi Injinia Kapufi, alikuwa ameketi na wenzake kwenye meza ndefu. Alikuwa mzee mnene wa kukunja nyusi. Alimtazama binti aliyeingia bila hodi, bila salamu, anatafuna.

"Ukipewa ng'ombe mmoja," akamwuliza, "utafanyaje ili mwakani wawe kumi?"

Sikuzani alisoma kwenye chuo cha mifugo na alijua jibu, lakini muhogo haukumruhusu. Akatafuna polepole, akimkazia macho.

"Hana haraka," akanong'ona Bibi Eufrasia, mkuu wa kitengo cha Hatari. "Tazama anavyotudharau. Wa Kileleni kabisa."

Mkurugenzi alivuta pumzi kuuliza la pili, akasita. Pua yake ilicheza. Harufu ya muhogo wa kuchemsha ilikuwa imemfikia, na kwa kitambo kidogo uso wake ulilegea, akawa kama mtoto aliyeitwa kutoka mbali. Kisha akakohoa na kukunja nyusi upya. "Tunasubiri jibu," alisema.

Sikuzani akameza. "Inategemea," akasema.

Meza nzima ikapiga makofi. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yote ya benki ile, na kuna watu waliohitaji miaka kadhaa kuifikia. Akapewa kitambulisho, kiti cha kuzunguka, na dirisha linalotazama ukuta.

*

Jioni hiyo mama yake alilia kwa furaha, akaacha cherehani inazunguka bila kitambaa.

"Wakakuitikia hodi yako, mwanangu?"

"Waliitika, mama," Sikuzani akasema, bila kumtazama. "Walinikaribisha vizuri sana." Mama akatoka kuutangazia mtaa mzima jinsi watu wa benki walivyo waungwana.

Asubuhi yake ya kwanza kazini, Sikuzani alipata mshtuko. Alisikia hodi ya Kaka Ndimbo. Aliisikia waziwazi, kama vile mwenyewe amesimama kando ya meza yake. Ukumbi ulikuwa unasikia kila kitu! Watu wote waliinua vichwa, wakatazamana, wakaviinamisha. "Ndimbo ana mafua leo," mtu mmoja akanong'ona, mwingine akamwambia anyamaze. Hodi ya tatu ilipopita bila jibu, walikwenda kunywa chai. Hodi hiyo ndiyo iliyokuwa saa yao ya chai.

Sikuzani alikuwa ameapa. Alifungua mdomo, akaona Bibi Eufrasia anamtazama, akaufunga. Kesho, alijiambia. Nikishazoeleka kidogo.

Ni Rodriki peke yake aliyelizungumza jambo hilo kwa sauti. "Samahani, dada," alimwuliza, "hivi Hodi ni nani? Kila siku watu wanakuja kumwita na yeye hatokei. Si wamfukuze kazi?"

Lakini kadiri wiki ilivyosogea, Sikuzani alianza kuona vitu. Alimwona Mkurugenzi akisimama mbele ya mlango wa chumba cha chai, midomo ikicheza bila sauti, ndipo akaingia. Alimwona Bibi Eufrasia akigonga paja lake kwa siri kila anapovuka kizingiti. Alimwona mhasibu akiacha viatu vyake mlangoni, kisha akashtuka na kuvirudia mbio. Ukumbi ule ulikuwa umejaa watu wa Bondeni! Kila mmoja aliingia kwa muhogo wake, na kila mmoja alidhani yuko peke yake kati ya watu wa Kileleni. Ndiyo maana hakuna aliyeitika. Mtu wa Kileleni hajui hodi ni kitu gani, kwa hiyo atakayesema "karibu" amejitangaza mwenyewe alikozaliwa.

Nawe usimcheke Sikuzani. Kulijua jambo hilo hakukumpa ujasiri, kulimwongezea hofu. Hakutaka kuwa wa kwanza.

*

Mama yake alikuja siku ya Ijumaa. Alivaa khanga mpya, akabeba kikapu chenye muhogo na samaki wa kukaanga, maana alisikia benki hawana muda wa kula. Watu wa benchini walimsogezea nafasi kwenye mto.

"Keti nasi, mama, usubiri," Kaka Ndimbo akamwambia.

"Nisubiri nini, baba? Mwanangu yumo humu. Hawa ni watu wazuri, walimkaribisha." Akaenda mpaka mlangoni, akajiweka sawa khanga.

"Hodi!"

Sikuzani aliijua sauti kabla neno halijaisha.

"Leo kaja mwanamke," Rodriki akasema. "Huyu Hodi ana mambo."

"Hodi wenyewe!"

Mkurugenzi Mkuu alitoka ofisini kwake, kikombe mkononi. Bibi Eufrasia aliuma kalamu. Ilikuwa hodi ya mama wa makamo wa Bondeni, ile ya kuvuta mwishoni, na ukimtoa Rodriki, hapakuwa na mtu ukumbini ambaye hakuwahi kuiitikia akiwa mtoto.

"Hodi jamani, wenye nyumba!"

Hiyo ilikuwa ya tatu. Kimya. Sikuzani alihisi neno limemkaa kooni, na safari hii hapakuwa na muhogo wa kusingizia.

Nje wakamsikia mama akisema, "Basi. Hayumo."

"Yumo, mama," Kaka Ndimbo akajibu. "Tulimwona akiingia, kwa macho yetu."

"Hayumo, baba. Angekuwemo, angeitika. Yule nimemlea mwenyewe." Hakusema kwa hasira. Alisema kumtetea mwanawe mbele ya watu, na ndicho kilichomuumiza Sikuzani kuliko tusi. Ndara za mama zikaanza kuondoka.

"Nimo!" Sikuzani alisimama, kiti kikaanguka. "Mama, nimo! Karibu!"

Vichwa vyote vikamgeukia. Halafu Dakta Balozi Injinia Kapufi, mwenye nyusi zake zote, akapaza sauti ambayo haikuwa imepita mdomoni mwake kwa umri mzima: "Karibu ndani, mama yetu! Karibu sana!"

"Karibu, pita, pita!" Bibi Eufrasia akadakia. Mhasibu akaitika, wa mauzo wakaitika, na mmoja kule nyuma akapiga ukelele, "Karibu, tunakula!" ingawa hakuna aliyekuwa anakula. Walitazamana, midomo wazi.

Mama akaingia na kikapu chake. Nyuma yake wakaingia watu wa benchini, Kaka Ndimbo wa mwisho, akivua viatu. Rodriki alisimama kwa heshima. "Kumbe wewe ndiye mama yake Hodi! Shikamoo, Mama Hodi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?" Akampa kipande cha samaki. Kisha akamgeukia binti yake. "Ulikuwa unanisikia?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu hodi ya kwanza?"

"Tangu ya kwanza."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

Sikuzani akaanza kulia, hakujificha. "Niliogopa, mama. Sikutaka wajue nimetoka wapi."

Mama akautazama ukumbi. Akamtazama Mkurugenzi anayejifuta macho kwa tai, akamtazama Bibi Eufrasia aliyekwisha kumvutia kiti, na mhasibu aliyesimama pekupeku.

"Wajue kina nani, mwanangu?" akauliza.



*

Wizara ya Fursa ilitoa taarifa kwamba benki haikusema karibu kwa mtu yeyote, na kwamba sauti zilizosikika zilitokana na hitilafu ya kiyoyozi. Hata hivyo wafanyakazi wote walifukuzwa kwa kosa la kuitika bila kibali. Rodriki aliponea, maana ndiye pekee aliyethibitika kutojua hodi ni nini. Sasa ndiye Mkurugenzi Mkuu, na choo amekwisha kukiona.

Sikuzani anafanya kazi kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake, kando ya cherehani. Anawaeleza wenye maduka na vyama vya wakulima biashara zao zinaumwa wapi. Mzee Kapufi anashika hesabu za wafuga nyuki, na Kaka Ndimbo hupokea wageni, kazi ambayo haina mtu anayeiweza kama yeye.

Na kwa kuwa serikali ya nchi ile ni sikivu, iliunda tume ya watu wazito kuchunguza swali la mama, lile la wajue kina nani. Walifika nyumbani kwake na magari matatu na mpiga picha, wakausukuma mlango, wakaingia moja kwa moja mpaka penye cherehani. Mama aliwatazama juu ya miwani yake, akawaambia warudi nje waanze upya. Karibu yao, alisema, ameshawawekea, wao waitafute tu hodi. Mpaka naandika haya wangali nje ya mlango, wanashauriana nani kati yao aitamke kwanza.